Kititia na Punje Tatu za Mtama

Maji yamenichosha. Nasema hivi bila kumkufuru Mwenyezi Mungu, maana ndiye anayeyaleta, lakini mtu akifika umri wangu ana haki ya kusema amechoka. Mwaka huu Rufiji imepanda tena. Iliingia mashambani, ikaingia uani, ikaingia chumbani mpaka ikalowesha godoro langu, na sisi wa Mbuchi tukapakiwa kama magunia tukaletwa Kibiti kwenye ardhi ya juu, tukapewa turubai na blanketi. Ninyi wenzangu wa rika langu, wachache mliobaki, mnaoyajua maji ya mto na kuyajua pia yale maji mengine, yale ya vita, mtanielewa nikisema sikutaka kuona kitu wala kuongea na mtu.

Hapo ndipo ilipokuja helikopta. Watoto waliiita ndege ya mapanga. Ilileta unga wa njano, na kabla haijagusa chini ilikuwa imeshang'oa turubai mbili na kuwavua watu mitandio. Harufu ya mafuta ya taa ilitujaa puani pamoja na vumbi. Wote walikimbilia huko, wazee kwa watoto, hata mwanamke mmoja aliyejifungua juzi yake. Mimi niligeuka nikaipa mgongo.

"Bibi, unaogopa?" mjukuu wangu Mwajuma aliniuliza.

"Siogopi. Nimeshaiona."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Makubwa! Umeiona wapi, Bibi, na leo ndiyo mara ya kwanza inakuja?"

Kuna maswali ambayo jibu lake ni refu kuliko pumzi niliyobakiwa nayo.

Kesho yake ilikuwa imetulia uwanjani, imezimwa, mapanga yake yamelegea kuelekea chini kama majani ya mgomba. Kijana fundi alikuwa amepanda ngazi akiyafuta kwa kitambaa. Nikajikongoja mpaka pale. Alipoteremka akanipa shikamoo yake vizuri, mtoto wa watu, nami nikaitikia kisha nikamuuliza kwa nini panga lile limelazwa upande badala ya kukaa bapa.

Alinitazama. Nadhani alitegemea nimwombe unga.

"Likikaa bapa kabisa, Bibi, linazunguka bure," akasema. "Ukiliinua kidogo ukingo wake wa mbele, linasukuma hewa chini, na hewa nayo inalisukuma juu. Na huo mgongo wake, unauona ulivyobenuka? Hewa inayopita juu yake inakwenda mbio, inapungua nguvu. Ya chini inabaki na nguvu yake. Basi panga linanyanyuka, na ndege nzima inaning'inia hapo."

"Na ukiliinua sana?"

"Hewa inaliachia. Haliwezi kushika tena, mnaanguka."

"Kwa hiyo halikati."

"Halikati, Bibi. Watu wanadhani linakata kwa sababu tunaliita panga. Linaegemea tu." Akacheka. "Nani amekufundisha mambo haya?"

Nikamwambia baba yangu alikuwa fundi wa makafi, yale ya kuendeshea madau, na kafi na panga hilo ni watoto wa baba mmoja. Kisha nikamuuliza lile lililonipeleka pale. Nilimwambia: likizunguka linaonekana kama sahani nzima. Je, mtu akilirushia punje za mtama, zote zitarudi?

Akataka kucheka tena, akaniangalia usoni, akaacha. "Hiyo sahani ni macho tu yanadanganyika, Bibi. Kati ya panga na panga pana nafasi, tena nafasi hiyo ni kubwa kuliko mapanga yenyewe. Hewa inasukumwa kabla haijatulia, ndiyo maana inaona kama ukuta. Lakini mvua inapita. Mchanga unapita. Hata risasi inapita."

Nikamshukuru, nikarudi kwenye turubai langu polepole. Miguu ilikuwa inauma.

Mwaka ule wa maji ya vita nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya mbele. Nyumba yetu ilikuwa Mbuchi, na kando yake, karibu na mkono wa mto, Baba alijenga kibanda cha makuti ambamo alichonga makafi. Chini palijaa maranda mpaka kwenye kifundo cha mguu, na mpaka leo nikisikia harufu ya mti mbichi uliochongwa nasikia pia sauti ya tezo lake, tak, tak, tak, halafu kimya kidogo, maana alikuwa na desturi ya kusimama na kupitisha kidole kwenye ukingo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kaka Shamte alikuwa kinyume chake. Ndevu zilikuwa zinamchomoza na alizishika kila baada ya muda kuhakikisha hazijaondoka. Tulikuwa wawili tu tuliopona kwa Mama, katikati yetu wamelala watoto wanne, basi Shamte alinilea kama vile ananilipia wale waliokwenda.

Ndiye aliyenichongea kititia cha kwanza, vipande viwili vya upongoo wa mnazi vilivyopishana, vikachomwa mwiba katikati na kushikizwa kwenye fimbo. Ulikuwa msimu wa kusi, upepo mkali, nami nikakimbia nacho ufukweni mpaka pumzi ikaniishia. Hakikuzunguka hata kidogo. Nikarudi nalia. Shamte akakigeuza huku na huku, akakipuliza, akakitukana.

Baba alicheka peke yake. Akakichukua, akapunguza mti kidogo upande mmoja wa kila panga, upande huu wa mbele, upande ule wa nyuma, mpaka kila panga likawa na mlalo wake. "Kafi ukilipitisha majini limelala, halishiki kitu," akaniambia. "Ukilisimamisha wima, maji yanakataa na mkono unachoka. Kuna kuinama kwake, hapo kati, ndipo maji yanapokubali. Upepo nao ni vivyo hivyo, sema mwepesi zaidi." Akakitoa nje ya kibanda, na kabla hajanyoosha mkono wote kilikuwa kinavuma.

Tangu siku ile Shamte alishikwa na wazimu wa vititia. Alichonga vya mapanga mawili, vitatu, vinne. Alichonga kimoja ambacho hakikukaa kwenye fimbo iliyotulia bali kilikuwa na fimbo yake chenyewe, ukiisugua kati ya viganja na kuiachia, kinaruka. Wallahi kiliruka! Kilipita juu ya paa la kibanda, kikabaki pale juu kitambo kikizunguka, halafu kikaanza kushuka taratibu bado kinazunguka. Nilipokisugua mimi kwa kinyume kilinigonga puani, wakanicheka wote wawili. Kingine kilikuwa na panga moja zito kuliko mwenzake, kikatetemeka kama mtu mwenye homa na kuangukia majini. Baba akatufundisha namna ya kukilaza juu ya makali ya kisu, kuona upande upi unazama, na kuupunguza mpaka pande zote mbili zilingane.

Niliuliza nani anakibeba. Baba akanishika mkono akauweka chini ya kile kinachozunguka, nikasikia upepo wa baridi ukinishukia kiganjani. "Kinautupa upepo chini," akasema, "ndiyo maana chenyewe kinakwenda juu. Hamna dawa hapo."

Sikumwamini. Msimu ule kila mtu alikuwa anazungumza habari za dawa.

Mnazikumbuka zamu za pamba. Akida wa Mdachi alikuwa na shamba lake upande wa Kibiti, na kila kijiji kilipeleka watu, wapende wasipende. Baba alikwenda zamu yake, mimi na Shamte tukafuata kumpelekea chakula. Tulifika tukakuta amelazwa juu ya pipa, askari mmoja amemkalia miguu, mwingine anahesabu viboko. Hamsa ishirini. Kosa lake lilikuwa majani mawili matatu yaliyobaki kwenye mstari wake. Baba hakulia. Alipoinuka alituona, akafunga shuka yake vizuri, akapokea chakula, akasema ahsanteni wanangu. Njia nzima ya kurudi Shamte hakushika ndevu zake hata mara moja. Baba hakutazama mtu usoni kwa siku nyingi, na alipochonga alichonga amesimama, maana hakuweza kukaa wala kuegemea.

Baada ya hapo akaja Mjomba. Huyu alikuwa ndugu yake Mama, mkulima wa Mchukwi, mtu wa vicheko na mikono mikubwa, akiingia nyumbani kwetu hata paka alijua. Safari hii alikuja ametulia. Alikuwa ametoka Ngarambe, mwendo wa siku kadhaa kufuata mto juu, na alikuwa na kibuyu kidogo na utepe wa majani ya mtama kichwani. Akatueleza. Kuna mganga huko, na maji yake ukinyunyiziwa risasi za Mdachi hazikuingii, zinageuka maji na kudondoka. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maji, mafuta ya nyonyo na mtama.

"Ndugu yangu, una hakika?" Mama alimuuliza. "Huyu ndiye mwanangu wa kiume niliyebakiwa naye."

"Dada, nimeona kwa macho yangu. Walipigiwa bunduki mbele yetu na hakuna aliyeanguka. Nikudanganye wewe?"

"Shemeji," Baba akasema, "bunduki walizipiga watu gani?"

"Watu wa mganga."

Mjomba hakuona kitu katika swali lile. Alikuwa ameamini kabisa, nataka hilo lieleweke, aliamini kwa moyo mweupe kabisa.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikisikiliza, na mambo yakajipanga kichwani mwangu. Nilikuwa nimeshamwagia maji kititia kinachozunguka, zaidi ya mara moja, kwa mchezo. Maji yanarushwa pembeni, yanapasuka matone, hayapiti. Sasa Mjomba anasema risasi zinageuka maji. Basi kama risasi ni maji, na kititia kinarusha maji, kitu ni kilekile! Nilidhani mganga wa Ngarambe amegundua jambo ambalo sisi tulikuwa nalo kibandani muda wote, na kwamba mtu akishanyunyiziwa, kuna kititia kisichoonekana kinazunguka mbele ya kifua chake. Nilimwonea huruma Baba kwamba fundi mzima hakulitambua hilo.

Nikamwambia Shamte. Alikuwa hajaamua. Mjomba alikuwa amempa siku mbili, na kwa siku hizo mbili alizunguka nyumba akiokota vitu na kuviweka chini. Hakucheka nilipomwambia. Aliuliza, "Tutajuaje?"

Tukajua hivi. Mama alikuwa amekwenda kisimani. Kwenye nguzo ya kibanda kulikuwa na kititia kikubwa cha mapanga manne, na kusi lilikuwa linakipeleka kwa kasi mpaka ukiona mduara mzima, mweupe, kama sahani. Shamte alisimama upande unakotoka upepo na konzi ya mtama. Mimi nilikaa nyuma ya kititia nimeshika ungo wa Mama mapajani, ndani umefutwa safi, ili kitakachopita kiangukie humo. Baba alikuwa nyuma yangu akisugua kafi. Hakuuliza tunafanya nini.

"Nirushe?"

"Rusha!"

Akarusha. Zilisikika zikigonga mapanga, tak-tak-tak, nyingine zikaruka juu, nyingine zikaniangukia kichwani zikitokea pembeni, nyingine zikapotea mchangani. Ilikuwa nzuri kutazama. Nilikuwa nashangilia hata kabla sijaangalia.

Nilipoangalia, ndani ya ungo mlikuwa na punje tatu.

Zilikaa pamoja, upande wangu, karibu na tumbo. Shamte alikuwa anakuja, na uso wake, ule uso uliokuwa umefunga tangu siku ya pipa, ulikuwa umefunguka. Sina neno jingine. Nilikuwa nimemkosa kaka yangu kwa wiki kadhaa na sasa alikuwa anarudi, hatua nne tatu mbili, na mimi nilikuwa na punje tatu.

"Ngapi zimeingia?"

Nikaweka kiganja juu ya zile punje. Nikauinua ungo upande wake auone.

"Hata moja," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja, Kaka."

Akapiga kofi moja la furaha, akanibeba na ungo wangu, akanizungusha. "Nilikuwa na shaka," akasema. "Sasa sina." Tezo la Baba lilikuwa kimya, na kafi pia halikusuguliwa tena. Kesho yake asubuhi Shamte akanyunyiziwa maji, akafungwa utepe wa mtama kichwani, akafuatana na Mjomba na vijana wengine. Mama aliwasindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya mpunga. Baba alimshika mkono mwanawe kwa mikono yake miwili, akamwachia.

Yaliyotokea sikuyaona na sitajifanya kuyajua. Nayajua kama alivyoyaleta Mjomba, baada ya mwezi au zaidi, alipofika kwetu karibu akitambaa, mguu wa kushoto umevunjwa chini ya goti na unanuka. Alisema walikuwa wengi, wakaimba, wakaenda mbele bila kujificha kwa sababu hapakuwa na haja ya kujificha. Kulikuwa na ile bunduki ya kumimina risasi tuliyokuja kuiita bombomu. Alisema Shamte alikuwa mstari wa kwanza, alikuwa anacheka. Hapo Mama alimzuia asiendelee.

Hakulia mbele yake. Alisimama akafungua mlango wa uani, akamwambia, "Umenichukulia mwanangu kwa uongo wako. Toka." Mjomba akataka kushika miguu yake. "Toka, nimesema. Kwangu huna dada."

Alitoka akijiburuta. Nilikuwa nimesimama pale nikiwa na mikono yangu miwili, mmoja ule uliofunika punje, na Baba alikuwa amesimama upande wa pili.

Halafu ikaja njaa. Askari wa Mdachi walichoma mpunga ghalani na shambani, wakabeba mbuzi, na waliobaki wakaingia porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya kula wakati wa dhiki. Kwa siku nyingi mimi na Baba tulichimba pamoja, yeye anachimba, mimi natoa udongo kwa mikono. Hakuwa anachonga tena, nani angenunua kafi? Nilikuwa nimeacha kula vizuri hata tulipopata. Nililala na kuamka na zile punje. Niliziona kila nilipofumba macho, na nilikuwa nimeshafanya hesabu yangu ya kitoto kwamba ningesema tatu, Shamte angesema basi siendi, na angekuwa hapa anachimba na sisi.

Siku moja sikuweza tena. Nilikuwa ndani ya shimo mpaka mabegani. "Baba," nikasema, "siku ile zilipita tatu."

Aliendelea kuchimba. Alichimba mara tano au sita hivi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma yako. Niliziona kabla hujazifunika."

Nilitoka shimoni. Nilikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kutoelewa alichosema. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu, yeye ambaye alijua hamna dawa, yeye aliyenifundisha kwa mkono wake.

Alikaa chini, kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa chini tangu siku ya pipa.

"Mgongo ulikuwa unaniuma," akasema.

Baadaye nilipokuwa mtu mzima nilijaribu kulitafsiri neno lile kwa njia nyingi, za kumwonea huruma na za kumchukia, na zote zilikuwa za kweli. Alitaka mtu wa damu yake aende akawarudishie wale askari walichomfanyia. Alijua jambo hilo halitafika popote na bado alitaka. Pale pale shimoni akaniomba jambo moja tu katika maisha yake yote, nisimwambie mama yangu. Nikakubali. Tukairudisha ming'oko nyumbani, Mama akaipika.

Baba hakufika mbali, alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Mama aliishi. Aliishi miaka mingi sana, akaona wajukuu, akaona Mdachi akiondoka na Mwingereza akija, na miaka yote hiyo alisimulia habari moja, kwamba mwanawe alidanganywa na ndugu yake wa tumbo moja. Alisema misibani na harusini. Watu wa Mbuchi na Mchukwi walimjua Mjomba kama mtu aliyemuuza mpwa wake. Binti yake alikosa mchumba kwa sababu hiyo, nalijua jambo hili kwa hakika. Kila Idi Mjomba alikuja kwa miguu kutoka Mchukwi na ule mguu mbovu, akabisha hodi mlangoni kwetu. Mama anamsikia, anaendelea kusuka mkeka. "Hodi, dada." Anasubiri, anabisha tena, anaondoka. Mimi nipo ndani. Nimeishi katika nyumba ile na hodi zile, na ulimi wangu ulikuwa unanitosha kuzikomesha siku yoyote, na sikuutumia. Mwanzo nilimhofia Baba, na hata alipokufa nikaendelea kumtunzia ahadi yake. Halafu nikaihofia sura ya Mama. Mwishowe sijui nilihofia nini. Mtu anazoea.

Mama alipofariki Mjomba alikuja. Safari hii hapakuwa na wa kumzuia. Alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, akapita katikati ya watu na fimbo yake na watu wakampisha kwa namna ile ya kumpisha mtu usiyetaka akuguse. Akaniita pembeni ya ua.

"Mwanangu, sitaki kukuchosha na msiba wako. Kaniachia neno lolote?"

Nilikuwa na neno, lile la punje tatu. Nilikuwa nalo mdomoni, limeiva. Wanawake walikuwa wanasoma ndani, wanaume wanaandaa jeneza, na mimi nikamtazama mzee yule na nikaona kwamba nikilisema atajua nimekuwa nalo wakati wote anabisha hodi.

"Alikusamehe, Mjomba," nikasema.

Uso wake ulitaka kufunguka. Kisha akaniuliza kwa upole, "Alisema lini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Akanitazama kwa yale macho yake ya ukungu, akaweka mkono wake mkubwa begani kwangu.

"Basi, mwanangu," akasema. "Inatosha."

Akaenda kwa wanaume, akaomba nafasi kwenye jeneza. Walimwambia hapana mzee, makaburini ni mbali na huo mguu. Akaweka fimbo chini, akaingiza bega lake, wakaondoka naye, jeneza likiinama upande wake kila anapokanyaga. Mimi nilibaki barazani na wanawake. Niliwatazama mpaka walipopita mpunga, na hata hapo sikusema.